Tangawizi, Mahindi ya Moto na Daftari: Jibu kwa Mkulima Aliyeuliza Juu ya Maumivu ya Hedhi

Bwana mmoja mkulima wa Kinangop aliiandikia ofisi yetu barua akiuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa juu ya mbegu ya viazi, nalo lilijibiwa siku ileile. La pili aliliandika chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kama mtu asemaye huku akitazama mlango. Alisema kwamba binti yake aliye kidato cha pili hulala kitandani siku mbili kila mwezi kwa maumivu ya tumbo, haendi shule wala hawezi kushika jembe. Mama yake humchemshia mizizi, lakini hawajui kama yamsaidia au la. Mwisho akauliza: "Je, ofisi ina shauri gani?"

Nilimpelekea mhariri swali hilo, naye alinirudishia na maneno mawili: "Jibu wewe." Basi najibu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari wala mganga. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ofisi, na nakaa Satellite, magharibi ya Nairobi, mahali ambapo barabara ya Naivasha hupita ikitoka Dagoretti Corner kwenda Uthiru. Lakini maumivu haya nayajua tangu nilipokuwa na miaka 13, na dawa zake nimejaribu nyingi, nyingine za busara na nyingine za kijinga. Mabwana wasomao ukurasa huu nawaomba wasiufunge. Aliyeandika barua ni bwana, na mara nyingi ng'ombe wa kulipia hospitali huuzwa kwa neno la bwana.

KIUMACHO NI NINI

Kila mwezi mji wa mimba hujitandikia ndani utando laini wenye damu, kama mtu atandikaye kitanda cha mgeni. Mgeni asipofika, yaani mimba isipoingia, matandiko hutolewa. Kuta za mji wa mimba ni msuli, nao hujikaza na kujilegeza ili kuusukuma utando nje, kama mikono ikamuavyo nguo iliyofuliwa. Kiuamrishacho msuli kujikaza ni kitu kiitwacho prostaglandini. Kikiwa kingi kupita kiasi, msuli hujikaza mpaka mishipa ya damu iliyo ndani yake ikabanwa, na msuli uliokosa damu huuma sana. Kitu hicho hicho kikipita mwilini huleta kichefuchefu na kuhara, na ndiyo sababu wasichana wengi hutapika siku ya kwanza.

Jina hilo la prostaglandini lilitolewa katika miaka ya 1930 na mtaalamu wa Sweden, Ulf von Euler. Mwaka 1957 mtaalamu wa Uingereza, V. R. Pickles, alionyesha kwamba ndani ya damu ya hedhi mna kitu kikazacho msuli. Mwaka 1971 John Vane, naye wa Uingereza, alieleza kwamba aspirini na dawa za jamii yake hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Wasweden wawili waliokuwa wamekichunguza kitu hicho. Nayataja haya kwa sababu kabla yake wanawake wengi waliambiwa kwamba maumivu yao yalikuwa ya kuwaza tu, na hata leo wako wasemao hivyo. Maumivu haya yana chanzo kinachoweza kupimwa.

Watu wa pwani wana jina lao kwa maumivu haya, huyaita chango. Ni neno zuri, ila lina hatari moja, kwa kuwa jina hilo moja hufunika magonjwa mengi ya tumbo la mwanamke. Nitarudi hapo.

SHAMBA LA MAJARIBIO

Katika kazi ya kilimo mbegu mpya haipandwi shamba zima kwa mara ya kwanza. Hupandwa kipande kimoja, na kando yake huachwa kipande cha mbegu ya zamani ili tofauti ionekane. Ukitia mbegu mpya, mbolea mpya na dawa mpya ya wadudu katika msimu mmoja, mavuno yakiwa mema hujui ushukuru nini, na yakiwa mabaya hujui ulaumu nini. Kila mkulima wa skimu alijua hilo tangu siku ya kwanza alipoonyeshwa kipande cha mfano. Ajabu ni kwamba tukiumwa twasahau. Mwanamke mwenye maumivu hunywa tangawizi asubuhi, mizizi adhuhuri, kidonge jioni, na kesho yake akipata nafuu humsifu yule aliyemwuzia mizizi.

Mwaka 2021 niliamua kuufanya mwili wangu shamba la majaribio. Nilichukua daftari la kurasa 48, nikapiga mistari: tarehe, dawa, saa nilizolala kitandani, na alama ya maumivu kutoka 0 mpaka 10. Mwezi wa kwanza sikutumia kitu chochote, huo ukawa kipande cha mbegu ya zamani. Ulikuwa mwezi mbaya. Niliandika 8, saa sita kitandani, na siku moja ya kazi ilipotea.

Mwezi wa pili nilijaribu moto. Sikuwa na mpira wa maji moto, basi nilichukua vikombe viwili vya mahindi makavu, nikayapasha katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, nikiyageuza, mpaka yakawa moto lakini hayajaungua. Nikayatia ndani ya soksi ya pamba, nikafunga fundo, nikaizungushia leso, nikailaza chini ya kitovu. Sharti uijaribu kwanza kwa ndani ya mkono, na usilale usingizi nayo, maana ngozi huungua bila mtu kujua. Kila ilipopoa niliipasha tena. Alama ya siku hiyo ni 4. Mwezi uliofuata nilirudia, ikawa 4 tena. Baadaye nilisoma kwamba katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2001, wanawake walifungwa tumboni kitambaa chenye joto la karibu nyuzi 39 kwa saa 12, na nafuu waliyopata ilikaribiana na ya wale waliomeza vidonge vya Brufen. Mahindi hayo hutumika mara nyingi. Yakianza kunuka moshi, wape kuku.

Mwezi wa nne na wa tano ilikuwa zamu ya tangawizi. Niliinunua soko la Kawangware, na mama mwuzaji aliniambia kwamba yake yatoka Same, Tanzania. Nilikata vipande vyembamba vya ukubwa wa kidole gumba kizima, nikachemsha katika vikombe viwili vya maji mpaka kikabaki kimoja na nusu, nikanywa mara tatu kwa siku, nikianza siku ile damu ilipotoka na kuendelea siku tatu. Alama zilikuwa 6 na 5. Si kama moto, lakini kichefuchefu kiliisha kabisa, na hilo peke yake lilinipeleka kazini. Mwaka 2009 wataalamu wa Iran walichapisha jaribio la wanafunzi wa kike 150. Baadhi walipewa unga wa tangawizi, gramu moja kwa siku iliyogawanywa mara nne, na wengine walipewa dawa za hospitali, ikiwamo ile iuzwayo kwetu kwa jina la Ponstan. Nafuu ya makundi hayo haikutofautiana sana. Gramu moja ni kama nusu ya kijiko cha chai, basi hakuna haja ya kunywa uji mzima wa tangawizi hadi kifua kiwake. Hata hivyo nisiwauzie tangawizi kama mtu wa kipaza sauti kituoni. Mwaka 2016 wataalamu waliyakusanya majaribio ya dawa za namna hii wakasema ushahidi bado ni dhaifu, maana mengi yalikuwa madogo. Na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari kwanza kabla ya kuinywa kwa wingi.

Kwa mwenye kipande karibu na jiko, tangawizi hukubali hata ndani ya gunia lenye udongo laini na samadi iliyooza, kwenye kivuli kidogo na maji yasiyotuama. Hukaa miezi minane mpaka kumi kabla ya kuchimbwa. Mahali penye baridi kali kama Kinangop itasumbua, heri kuinunua.

Mengine nitayapitia upesi. Mdalasini katika chai ulikuwa mtamu, na alama ilibaki 7. Uwatu, ambao dada zetu wa Mombasa huuamini sana, ulinipa 6, lakini jasho langu likanuka uwatu siku tatu na karani mwenzangu akafungua dirisha bila kusema neno. Thabai, yale majani yawashayo ambayo kwetu hupikwa na irio, hayakuondoa maumivu hata kidogo, ingawa ni mboga nzuri yenye madini ya chuma na yamfaa mwanamke apotezaye damu nyingi. Kutembea nilikudharau. Lakini mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi ya dakika 45 mpaka 60, mara tatu kwa wiki au zaidi, hupunguza maumivu kwa kiasi cha kuonekana. Msomaji atasema kwamba mwanamke apaliliaye kutwa amekwisha kufanya mazoezi ya mwaka. Huenda ni kweli. Mimi nikaaye kwenye kiti nilianza kuteremka kituo kimoja kabla ya kwetu na kutembea, na baada ya miezi mitatu niliona tofauti.

Mwisho wa mwaka nililifunga daftari nikiwa na furaha kubwa. Nilijiona mtaalamu. Na hapo ndipo nilipokosea.

MAGOME YASIYO NA JINA

Mwaka ule ule binti wa dada yangu alikuja kukaa nami Satellite ili asome shule ya kutwa. Alikuwa na miaka 14. Aniita tata, kama tusemavyo kwetu. Yeye naye alikuwa na maumivu, tena makali kuliko yangu. Nilimpashia mahindi. Nilimchemshia tangawizi. Alisema asante, na saa moja baadaye nilimsikia akilia ndani ya blanketi. Nami, kwa kuwa daftari lilionyesha kwamba dawa hizo zafanya kazi, nilidhani mtoto analegea tu. Nilimwambia, "Mimi nina alama 4 kwa soksi hiyo hiyo. Jikaze." Maneno hayo nayakumbuka kila siku. Daftari lile lilikuwa na habari za mwili mmoja tu, mwili wangu, na hakuna Bwana Shamba awezaye kutoa shauri la Lugari kwa kupima udongo wa Mwea.

Alipozidi kuumwa nilikwenda kwa mwuza dawa za miti kando ya barabara. Alikuwa na chupa nyingi na magome yaliyokatwa mraba. Nilimwuliza, "Mzee, hili ni la mti gani?" Akacheka. "Mama, wewe wataka kupona au wataka kusoma miti?" Nikalipa shilingi 300. Binti alikunywa siku mbili, akatapika mpaka akawa hawezi kusimama, na asubuhi ya mtihani wake wa hesabu alikuwa sakafuni. Mtihani huo hakuufanya.

Simwiti yule mzee mwongo. Jambo nisemalo ni kwamba dawa ya mti ikiwa na nguvu ya kuponya, ina nguvu ya kudhuru pia. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliyekuwa Kongo kwa kazi ya Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uitwao huko kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Mmea huo ulichunguzwa, na ndani yake kikapatikana kitu chenye nguvu ya kukaza mji wa mimba. Kikaitwa kalata B1, na mpaka leo wanasayansi wa nchi nyingi wanakisoma. Bibi zetu wa Kongo hawakuwa wakinywa maji matupu. Sasa fikiri, msichana ambaye mji wake wa mimba umekwisha kujikaza kupita kiasi, akinyweshwa gome lisilo na jina ambalo huenda nalo hukaza! Mwarobaini nao, ambao wengi tumeupanda mlangoni, haufai kunywewa na mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta. Hapa Kenya taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina wataalamu wa kuchunguza miti ya dawa, kwa hiyo si kweli kwamba watu wa hospitali huidharau miti. Wao huuliza lile swali nililolichekwa: ni mti gani, ni kiasi gani, na ni kwa ugonjwa gani?

Shauri langu juu ya dawa za miti ni fupi. Kilicho chakula, kama tangawizi, jaribu. Kisicho na jina, acha. Na mtoto asipewe kitu ambacho mwuzaji mwenyewe hawezi kukitaja.

TULIVYOKWENDA HOSPITALI

Mapema mwaka 2023 binti alizimia kituoni Satellite akisubiri matatu. Vijana wa kituo walimbeba mpaka kivulini, mmoja akanipigia simu. Nilimpeleka hospitali. Mahali pa kwanza tulipewa Panadol na kuambiwa kwamba akizaa yataisha. Msichana wa miaka 16! Hospitali ya pili daktari mmoja, mama wa makamo, hakuanza kwa kumtazama binti. Alianza kwa kuniuliza mimi: "Yalianza lini? Yanazidi au yamepungua? Huuma hata akiwa hana damu? Akienda choo kikubwa siku hizo huumwa?" Maswali yote hayo nilipaswa kuwa nayo katika daftari. Sikuwa nayo. Binti aliyajibu yote mwenyewe, kwa sauti ndogo, na nilisikia mambo ambayo hakuwahi kuniambia kwa miaka miwili ndani ya nyumba moja.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye kokwa la kushoto la mayai, na baadaye madaktari walipoingiza kamera ndogo tumboni walithibitisha endometriosisi. Maana yake ni kwamba nyama inayofanana na ule utando wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake, nje ya mji wa mimba: kwenye makokwa, kwenye utumbo, na mara chache hata mbali zaidi. Nayo huvimba na kuacha makovu yanayogandamanisha viungo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ugonjwa huu huwapata karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Haujapatikana utakaouondoa kabisa, ila zipo dawa za kuuzuia na upasuaji wa kuupunguza, na ukiachwa waweza kumzuia mwanamke kupata mtoto.

Wengi wa Nairobi tulilijua neno hilo kwa sababu ya mtangazaji wetu Njambi Koikai, aliyejulikana kwa jina la Jahmby, mpenzi wa muziki wa rege. Ugonjwa huo ulimfika mpaka kifuani, mapafu yake yakaanguka mara nyingi, naye akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Hakuficha. Alisema redioni na mbele ya watu kwamba alianza kuumia akiwa msichana na kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyetambua ni nini. Alifariki Juni 3, 2024. Siku ile binti alizima redio, akaingia chumbani, nami sikumfuata.

Sasa nije kwa shemeji yangu, baba wa binti, mkulima wa Ol Kalou, maana bila yeye habari hii haikamiliki. Alifika hospitali akiwa na viatu vya matope, na fedha za mtamba aliouza, mtamba ambao ulikuwa umebakiza miezi mitatu azae. Hilo hakulilalamikia. Kilichomkasirisha ni dawa. Daktari aliandika vidonge vya homoni, vya aina ileile itumiwayo kupanga uzazi. Shemeji aliinuka kitini. "Daktari, huyu ni mtoto wa shule. Watu watasemaje?"

Daktari akamjibu, "Mzee, wewe ni mkulima. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kiwele, dawa haiulizi kama ni mtamba au amezaa. Vidonge hivi vinaulaza ule utando usiote. Hiyo ndiyo kazi yake hapa."

"Na akija kuolewa, atazaa?"

"Tunampa ili nafasi hiyo ibaki."

Shemeji alinyamaza kitambo, akanitazama mimi, si daktari. "Shemeji, wewe ndiwe unayekaa naye. Wasemaje?" Nilitaka kusema maneno mengi. Nilisema tu, "Mimi nilimwambia ajikaze." Akaketi. Akatia sahihi. Jioni, tukiwa kituoni, aliniuliza kama vidonge hivyo hupatikana Ol Kalou, au itakuwa lazima vitumwe na gari.

JIBU LENYEWE

Basi, bwana wa Kinangop, hivi ndivyo nikushaurivyo. Mwambie mama wa binti aache mizizi mwezi huu. Nunueni daftari. Binti mwenyewe aandike, si ninyi: siku damu ilipoanza na ilipokoma, maumivu kwa alama, alikula dawa gani na saa ngapi, na siku alizokosa shule. Mjaribuni kwa moto wa mahindi mwezi mmoja na tangawizi mwezi mwingine, kimoja kimoja.

Vidonge navyo visiogopwe. Brufen na Ponstan huzuia ile prostaglandini, na siri yake ni wakati. Vimezwe mara dalili zianzapo, baada ya chakula, kwa kipimo cha mfamasia, siku mbili au tatu tu. Wengi husubiri mpaka wamelala sakafuni ndipo wameze, kisha husema dawa ni mbovu. Ni sawa na kunyunyizia viazi dawa ya ukungu wakati majani yamekwisha kuwa meusi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa hizo, na mwenye mimba, wasimeze bila kumwona daktari. Panadol huwasaidia wengine, lakini mara nyingi nguvu yake kwa maumivu haya ni ndogo.

Lakini ikiwa baada ya miezi mitatu ya kufanya hivyo bado analala siku mbili, usijaribu dawa ya nne. Mpeleke hospitali ya kaunti pamoja na daftari. Mpeleke mapema zaidi ikiwa maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, au humpata hata siku zisizo za hedhi, au huumwa akienda choo siku hizo, au damu hujaza pamba kila saa moja au mbili. Homa pamoja na uchafu wenye harufu ni jambo la siku hiyo hiyo. Na kwa mwanamke mtu mzima, hedhi ikichelewa kisha yakaja maumivu makali ya upande mmoja, tafuteni gari usiku huo huo. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, nayo huua. Mkiambiwa kwamba akizaa yataisha, mshukuruni aliyesema, kisha mwende kwa mwingine.

Zungumza na mwalimu mkuu pia. Serikali yetu iliondoa kodi ya VAT juu ya pamba za hedhi mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 yataka wasichana wa shule za Serikali wapewe bure. Lakini pamba huzuia damu, haizuii maumivu. Zambia imeweka katika sheria ya kazi ya mwaka 2019 kwamba mfanyakazi mwanamke aweza kukaa nyumbani siku moja kila mwezi bila kuleta cheti cha daktari, nao huiita Siku ya Mama. Kwetu hatujafika huko. Mwalimu akijua, aweza angalau kumruhusu binti kuketi karibu na mlango na kutoka bila kuuliza mbele ya wavulana.

Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha nne. Bado ana miezi mibaya, lakini ni michache, na ile hesabu aliyoikosa alikuja kuifanya. Daftari sasa ni lake. Amelipiga mistari upya, ameongeza safu ambayo mimi sikuwa nayo, yenye kichwa "Niliyemwambia", na juzi nilipochungulia niliona katika safu hiyo jina la baba yake.